Mkebe wa soda ni kamera: Gia za picha unazoweza kujitengenezea Likoni, Kisauni na Changamwe bila kuuza figo

Wacha nikuulize. Simu yako ikianguka kwa maji leo ukishuka feri, utabaki na picha ngapi za watu wako?

Mimi yangu ilienda hivyo hivyo. Picha karibu mia mbili za nyanya yangu zikazama nayo, na nyanya mwenyewe tulikuwa tumeshamzika miezi mitatu kabla. Iliyobaki ni moja tu, ya karatasi. Amesimama na leso mpya, nyuma yake kuna meli imechorwa kwa kitambaa, kando maua ya plastiki. Ilipigwa Likoni, pale pale feri, miaka ya tisini. Kona moja imekunjika lakini sura iko wazi kabisa.

Hiyo ndiyo ilinifanya nianze kusaka vile kamera inafanya kazi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekatika, wakati ninao na doo sina. Kila kitu utakachosoma hapa kinaweza kufanywa kwa vitu vya mtaani, kwa hivyo isome na uiweke.

Kwanza jua mtaa wako ulitoka wapi

Usidhani gia za kujitengenezea zimeletwa na TikTok. Mwanzo wa miaka ya tisini, wapiga picha wa mtaani walijenga vibanda vya mbao kando ya barabara ya feri Likoni. Wengi walikuwa watu wa bara waliokuja Pwani kutafuta riziki. Studio zenyewe zilikuwa wazi upande mmoja. Pazia la nyuma limechorwa meli, ndege, maghorofa, na mapambo ya kung'aa yananing'inia juu. Msee ametoka kazini, anasimama pale, anapigwa picha, anaituma nyumbani waone kwamba mji umemkubali.

Halafu ikaja Agosti 1997. Vurugu za Likoni zilianza kwa kushambulia kituo cha polisi, watu zaidi ya mia wakafa, na maelfu ya watu wa bara wakakimbia. Ukiona picha kama ile ya nyanya yangu kwa albamu ya kwenu, itunze. Aliyeipiga huenda aliondoka usiku mmoja na begi moja.

Upande wa kisiwani, N. V. Parekh alikuwa na studio iliyopiga picha za watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa. Lamu nako kulikuwa na Omar Said Bakor, jamaa aliyejifundisha mwenyewe. Alikata picha kwa mkasi, akazipanga upya kama anavyotaka, akazipiga tena zikawa picha moja. Hiyo unayofanya leo kwa programu ya simu, Bakor aliifanya kwa gundi.

Na kuna Mohamed Amin, Mkenya aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia zilizotikisa dunia Oktoba 1984. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia uliomwezesha kushika kamera, na akarudi kazini. Aliendelea mpaka Novemba 1996, ndege aliyokuwa amepanda ilipotekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini Comoro. Kwa hivyo ukisema huwezi kupiga picha juu simu yako imepasuka kioo, jiulize tena.

1. Keja yako nzima ni kamera (gharama: sifuri)

Kama umelala kwa nyumba ya mabati Timbwani au Mshomoroni, pengine umeshaiona hii bila kujua. Asubuhi mwanga unapita kwa tundu la msumari, na ukutani unaona vivuli vya watu wakipita kichwa chini. Huo si uchawi. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka: unaotoka juu unapita tunduni na kutua chini, wa chini unatua juu. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra, alichunguza mambo haya kwenye chumba cha giza miaka elfu moja iliyopita na kuyaandika. Kamera zote zimejengwa juu ya wazo hilo.

Fanya hivi:
- Ziba dirisha lote kwa katoni na mifuko myeusi. Ziba pia chini ya mlango. Giza liwe giza.
- Toboa tundu moja kwenye katoni, unene wa kalamu.
- Ukuta wa mbele yake uwe mweupe, au tundika shuka nyeupe.
- Subiri dakika kumi macho yazoee.

Jua likiwa kali nje, mtaa wako utatokea ukutani na rangi zake, kichwa chini, tuktuk zikitembea. Hesabu yake ni rahisi: urefu wa kitu mara umbali wa tundu na ukuta, gawanya kwa umbali wa kitu na tundu. Mnazi wa mita 15 ulio mita 30 kutoka dirishani, kwa chumba cha mita 3, utatokea ukutani ukiwa mita moja na nusu. Tundu likiwa dogo zaidi picha inakaza lakini inafifia. Likiwa kubwa inang'aa lakini inakuwa ukungu. Cheza nalo.

Kuipiga picha hiyo, weka simu imara, ingia kwa mpangilio wa kamera wa kujiamulia, ISO 100 hadi 400, muda sekunde 10 hadi 30.

2. Mkebe unaopiga picha ya miezi sita

Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Unachukua mkebe wa soda, unaukata juu, unautoboa kwa ncha ya sindano, ndani unaweka karatasi ya picha ya nyeusi na nyeupe, unaufunga na kuuacha nje miezi. Jua linachora njia yake kila siku, mstari juu ya mstari.

Rekodi yake itakushangaza. Regina Valkenborgh, mwanafunzi Uingereza, alifunga mkebe wa bia kwenye kituo cha kutazama nyota cha Bayfordbury mwaka 2012, akausahau. Ulipotolewa 2020 ulikuwa na picha ya miaka minane na mwezi mmoja.

Sasa sisi tuna kitu wao hawana. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima. Kwa picha za Ulaya mistari inapinda kama upinde. Ukielekeza mkebe wako mashariki hapa, mistari itasimama kama mvua inayonyesha. Ya Juni itakuwa kushoto, ya Desemba kulia. Siku za mawingu zinaacha pengo, kwa hivyo hata mvua za vuli zitaonekana kama nafasi tupu.

Hatua:
- Karatasi: ulizia studio za zamani zilizobaki na maboksi. Iliyopitwa na muda inafanya kazi tu, kwa sababu huku hatuioshi kwa dawa.
- Tundu liwe dogo, chini ya nusu milimita. Sugua msasa laini pale ulipotoboa, kingo zisiwe na makwaruzo.
- Weka karatasi gizani, sehemu laini ikitazama tundu, na isilizibe.
- Funika juu, zungusha tepu nyeusi mpaka maji yasipite. Unyevu wa bahari hauna huruma.
- Kaza kwa waya kwenye nguzo ya kwenu. Ukiyumba, picha imeharibika.
- Anza Juni 21, toa Desemba 22.

Ukiitoa, usiikodolee macho kwa mwanga. Ipitishe kwa skana mara moja, maana mwanga wa skana nao unaichoma. Geuza rangi kwa simu, halafu karatasi irudi gizani.

3. Mbinu za simu ambazo fundi hatakuambia

*Lenzi ya vitu vidogo.* Mwambie fundi akupe mashine ya DVD iliyokufa. Ndani kuna kilenzi kidogo kama punje ya dengu. Kibane kwa kibanio cha nywele, kiweke mbele ya kamera ya simu, sogea karibu sana na kitu, milimita chache. Nyuzi za leso zitaonekana kama kamba za jahazi. Pale Stanford, Manu Prakash na wenzake walitumia wazo la kilenzi kidogo kutengeneza hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope. Siyo mchezo wa watoto.

*Miwani ya jua.* Ile yenye polaraizi inakata mng'ao wa maji na vioo vya gari. Iweke mbele ya kamera, izungushe polepole mpaka mng'ao upotee. Kujua kama muuzaji amekupiga, tazama skrini ya kalkuleta ukiwa umeishika, izungushe. Skrini ikigeuka nyeusi, ni yenyewe.

*Patipati iliyokatika.* Kata mfereji kwenye soli, chomeka simu. Imesimama. Ukitaka kupiga ukiwa mbali, chomeka earphone za waya: kwa simu nyingi kitufe cha sauti kinapiga picha.

*Katoni ya bidhaa.* Unauza viatu vya mtumba kutoka Kongowea? Kata madirisha matatu kwenye katoni, juu na pande mbili, yafunike kwa kitambaa cheupe chepesi. Ndani tandika karatasi nyeupe ya manila iliyopinda bila kukunjika. Weka nje, si juani moja kwa moja. Mteja anaangalia picha kabla hajauliza bei, usimpe picha ya kiatu juu ya kitanda.

*Jua la saa sita.* Mchana hapa jua liko utosini, na Machi na Oktoba linapita juu kabisa. Macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Msogeze kwenye kivuli cha baraza, shikilia kitambaa cheupe chini ya kidevu chake kirudishe mwanga. Kama ngozi ni nyeusi na nyuma kuna anga, gusa uso kwenye skrini, uuweke mwanga wa uso kwanza. Anga ikiungua iache iungue, umekuja kupiga mtu. Na jioni usichelewe. Kwetu jua halitui taratibu, linaanguka. Saa kumi na mbili kasorobo uwe umeshapanga watu.

*Unyevu.* Kamera ya zamani ukiifungia kabatini Pwani, lenzi inaota ukungu. Iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya.

4. Usijiletee ngori

- Feri, bandari ya Kilindini, kambi ya wanamaji Mtongwe na uwanja wa ndege Changamwe ni sehemu zinazolindwa. Usizielekezee kamera bila ruhusa. "Nilikuwa napiga machweo" haijawahi kumtoa mtu seli haraka.
- Mkebe wenye tepu na waya usiufunge daraja la watu au kituo cha mabasi. Februari 2016 pale Atlanta, Marekani, mwanafunzi aliacha mkebe wake kwa daraja, polisi wakafunga barabara na kuulipua. Ufunge kwenu, na uandike juu yake ni kitu gani.
- Droni inahitaji kusajiliwa na KCAA, hata kama umeiunda mwenyewe.
- Usifungue kamera ya zamani yenye flashi. Kapasita yake inaweza kubeba volti karibu 300 hata betri ikiwa imetolewa.
- Usitazame jua kupitia lenzi yoyote. Agosti 2, 2027 kuna kupatwa kwa jua. Giza kamili litapita Misri, sisi tutaona limemegwa tu. Toboa katoni, geuza mgongo kwa jua, tazama duara likitua kwa karatasi nyeupe chini. Macho salama, na umeona vizuri.
- Mtu ni mtu. Muulize kabla hujampiga, hasa kina mama wa sokoni na wazee. Akikataa, sema asante na upite.

5. Sasa osha picha

Hapa ndipo wengi tunafeli. Una picha elfu nane kwa simu na hata moja haijaoshwa. Simu inaibiwa, inaanguka, memori inakufa, nenosiri unasahau.

Kila mwisho wa mwezi chagua tano. Tano tu. Zioshe kwenye karatasi. Nyuma andika kwa kalamu: nani, wapi, tarehe. Mpe mama moja, nyingine ibaki kwa boksi mbali na dirisha na unyevu.

Ile picha ya nyanya yangu haina jina la aliyeipiga. Haina tarehe. Hakuna aliyeandika nyuma, na sasa hakuna wa kuuliza. Nimeshazunguka feri mara kadhaa kutafuta mzee anayekumbuka ile meli iliyochorwa, sijampata.

Kwa hivyo leo ukifika nyumbani, kabla hujatoboa mkebe wowote, toa albamu ya kwenu. Kaa na mkubwa wenu, mshikie picha moja moja, uliza, na uandike.