Fahirisi Changamano: Maamuzi Yaliyofichwa Ndani ya Nafasi

Taasisi ya kimataifa inapotoa orodha ya nchi, magazeti yetu huwa na kichwa cha habari cha aina moja: Tanzania yapanda, Kenya yashuka, Rwanda yaongoza ukanda. Msomaji huambiwa nafasi, mara chache huambiwa alama, na karibu kamwe haambiwi nafasi hiyo ilipatikanaje. Nyuma yake kuna kitu ambacho wanatakwimu hukiita fahirisi changamano, nacho kinastahili kueleweka na kila anayesoma gazeti.

Neno fahirisi si geni. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hulitumia kila mwezi inapotangaza Fahirisi za Bei za Mlaji. Kitabuni, fahirisi ni orodha inayoonyesha jambo fulani liko ukurasa gani. Katika matumizi yote mawili, fahirisi huelekeza kwenye jambo, haiwi jambo lenyewe. Ndiyo maana siridhiki na wanaoandika “kipimo cha maendeleo”. Kipimajoto hupima joto ambalo lipo hata kama hakuna anayelipima. Maendeleo, utawala bora au wepesi wa kufanya biashara havina umbo moja la namna hiyo. Lazima kwanza mtu aamue ni mambo gani yahesabiwe.

Changamano, kwa upande wake, tunalijua tangu darasani, kwenye sentensi changamano, ambamo kishazi kimoja hutegemea kingine. Wapo wanaopendelea “fahirisi mseto” au “fahirisi unganishi”, na wanaeleweka. Mimi nachagua changamano kwa sababu linadokeza kwamba sehemu zake zimefungamanishwa, na namna zilivyofungamanishwa hubadili maana ya jumla.

Tuangalie Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoanza kutolewa mwaka 1990 na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa chini ya uongozi wa Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan. Inachukua mambo matatu: afya, elimu na kipato. Haya hayawezi kujumlishwa hivi hivi, maana miaka ya kuishi haijumlishwi na dola. Kwa hiyo kila kiashiria husawazishwa kwanza kwenye mizani ya 0 hadi 1. Kwa umri wa kuishi unaotarajiwa, miaka 20 ni sifuri na miaka 85 ni moja. Kisha kila jambo hupewa uzani, na hapa yote matatu yana uzani sawa. Uzani sawa unaonekana kama haki tupu, lakini nao ni uamuzi: kuna mtu aliyesema kwamba afya ina thamani ileile ya kipato, wala si mara mbili yake.

Mwisho huja kujumlisha. Hadi mwaka 2010 fahirisi hii ilitumia wastani wa kawaida: jumlisha, gawa kwa tatu. Mwaka huo ikahamia wastani wa kijiometri: zidisha zote tatu, kisha tafuta kipeo cha tatu cha jibu. Chukua nchi mbili za kubuni. Ya kwanza ina 0.9 ya afya, 0.3 ya elimu na 0.6 ya kipato. Ya pili ina 0.55 katika kila jambo. Kwa wastani wa kawaida, ya kwanza inapata 0.6 na ya pili 0.55, kwa hiyo ya kwanza iko juu. Kwa wastani wa kijiometri, ya kwanza inashuka hadi kama 0.545 na ya pili inabaki palepale kwenye 0.55. Zimebadilishana nafasi! Hakuna shule iliyojengwa wala hospitali iliyofungwa. Kilichobadilika ni kanuni ya hesabu. Naiona kanuni mpya kuwa bora, kwa kuwa haikubali utajiri ufidie kirahisi ujinga na maradhi. Lakini gazeti linaloandika “yaporomoka” lina wajibu wa kusema kama kilichosogea ni nchi au ni kanuni.

Jambo hili lilipata uzito wa kisiasa katika ripoti ya Benki ya Dunia iliyoitwa Doing Business, iliyopanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara. Januari 2018 Paul Romer, aliyekuwa mchumi mkuu wa benki hiyo, aliomba radhi hadharani kwa Chile. Nafasi ya Chile ilikuwa ikishuka chini ya Rais Michelle Bachelet na kupanda chini ya Sebastián Piñera, na mabadiliko ya kanuni ndiyo yaliyochangia sehemu kubwa. Romer aliacha kazi mwezi huohuo. Ukaguzi wa nje uliofuata haukukuta ushahidi wa hila, na hilo kwangu ndilo zito zaidi: wataalamu waaminifu, wakiboresha kanuni mwaka baada ya mwaka, wanaweza kuifanya serikali ionekane imeharibu uchumi.

Baadaye hila nayo ilionekana. Uchunguzi ulibaini kasoro katika matoleo ya 2018 na 2020. China ilipewa nafasi ya 78 ilhali ilistahili ya 85, na Azerbaijan ikawekwa ya 34 badala ya 28. Tarehe 16 Septemba 2021 benki ilitangaza kuifuta ripoti hiyo.

Katika toleo lake la mwisho, la 2020, Rwanda ilikuwa ya 38, Kenya ya 56 na Tanzania ya 141 kati ya nchi na maeneo 190. Nafasi hizo zilinukuliwa bungeni, kwenye hotuba na kwenye makongamano ya wawekezaji. Biashara iliyopimwa ilikuwa kampuni ya kufikirika yenye dhima ya ukomo, iliyosajiliwa rasmi katika jiji kubwa la biashara: kwetu, Dar es Salaam. Mvuvi wa Kilwa, mama lishe wa Buguruni na machinga wa Kariakoo hawakuwamo. Serikali ingeweza kupanda nafasi kwa kufupisha hatua za usajili wa kampuni, na siku hiyohiyo mgambo wakamwaga bidhaa za machinga, fahirisi isione chochote.

Fahirisi ya Mtazamo wa Rushwa, ya Transparency International, inaposomwa tusilidondoshe neno mtazamo. Alama zake, kutoka 0 hadi 100, hutokana na tathmini za wataalamu na wafanyabiashara, si hesabu ya hongo zilizolipwa. Nchi inaweza kubaki na alama zilezile na ikapanda kwa sababu wenzake wameshuka.

Wapo walioamua kuacha kupanga nafasi. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora, likieleza kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira sawa. Benki ya Dunia imefika karibu na hapo kwa njia yake. Ripoti yake mpya, B-READY, iliyoanza Oktoba 2024 na nchi na maeneo 50, inatoa alama kwa nguzo tatu: sheria, huduma za umma na ufanisi wa utekelezaji. Haizijumlishi kuwa nafasi moja ya nchi. Anayetaka kujua nchi yake ikoje atalazimika kusoma nguzo zote tatu.