Mionzi iliyowamaliza mbung'o wa Unguja

Huku kwetu Mbezi Luis mtaa umegawanyika. Mzee mmoja amekodisha kona ya kiwanja chake ujengwe mnara wa simu, na tangu vyuma vianze kupanda baadhi ya majirani hawampi salamu. Juzi nikamwamkia mama anayeuza vitumbua njia ya stendi. Badala ya marahaba akaniuliza: "Mwanangu, wewe mwandishi wa habari, hiyo mionzi si itawafanya mabinti zetu wasizae?"

Sikucheka. Mionzi imewahi kuondoa uzazi hapa hapa Tanzania, tena kwa makusudi. Ila waliopatwa ni mbung'o.

Turudi miaka ya 1990. Unguja kulikuwa na mbung'o wa aina moja tu, Glossina austeni, waliojificha kwenye msitu wa Jozani na vichaka vingine, wakiwaambukiza ng'ombe nagana. Dawa na mitego viliwapunguza, havikuwamaliza. Ndipo Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, wataalamu wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakaanza kuwafuga kwa wingi, wakiwalisha damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni (ndiyo jamani, kuna mtu alilipwa mshahara kwa kulisha mbung'o!). Madume wakapigwa mionzi ya gama, na kuanzia 1994 ndege ndogo ikawa inawamwaga juu ya kisiwa.

Gama ikipita mwilini inang'oa elektroni kwenye atomi, na nyuzi za vinasaba ndani ya mbegu zinakatika. Dume hafi. Anaruka, anampanda jike, lakini hakuna mtoto. Na jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, basi akikosea mume imekula kwake. Walimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Sasa mnara. Mawimbi ya simu, mwanga, eksirei na gama ni ukoo mmoja, ila nguvu hazilingani. Nishati yao husafiri kwa vifurushi, na kifurushi kimoja cha gama kina zaidi ya mara bilioni 100 ya kile cha simu. Cha simu hakiwezi kung'oa elektroni hata moja. Kinatikisa molekuli za maji, na ukiisogelea mno antena unapata joto. Katika ukoo huo mimi naogopa zaidi urujuanimno wa jua la saa saba mchana, unaowapa ndugu zetu wenye ualbino saratani ya ngozi. Jua hakuna anayelinunia.

Nikamweleza mama yote hayo. Akanifungia vitumbua vyangu kwenye gazeti.

"Sawa mwanangu, nimekuelewa. Lakini mbona mzee hakutuuliza kwanza?"

Kwa hilo sikuwa na jibu.