Kapteni Berndt hakuwa na habari

Ukiiacha Mbinga na mashamba ya kahawa ya Wamatengo, barabara inateremka hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Ufuate ufukwe kwenda kaskazini na utafika Liuli. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi 2012, ilipozaliwa Wilaya ya Nyasa. Majini yamesimama majabali makubwa, na moja Wajerumani waliliona linafanana na lile sanamu la Misri lenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Bandari wakaipa jina la Sphinxhafen. Kwenye chelezo cha hapo, katikati ya Agosti 1914, meli ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo, na nahodha wake hakujua kwamba nchi yake iko vitani.

Meli yenyewe iliitwa Hermann von Wissmann, jina la yule aliyeletwa pwani mwaka 1889 kuwavunja nguvu Bushiri na wenzake waliowapinga Wajerumani, na Bushiri akanyongwa Pangani Desemba ya mwaka huohuo. Baadaye Wissmann alichangisha fedha Ujerumani ipatikane meli ya kupambana na biashara ya watumwa kwenye maziwa. Ilikuja vipandevipande, ikapandishwa kwa mto Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa ziwani miaka ya mwanzo ya 1890. Nia njema au la, meli yenye mzinga haina kazi moja tu.

Upande wa pili Waingereza walikuwa na Gwendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899 na kuegeshwa Fort Johnston, Mangochi ya leo. Mkuu wake alikuwa Edmund Rhoades. Huyu hakuwa mgeni wa ziwa. Mwanzoni mwa karne alishiriki kulipima na kulichorea ramani, kwa hiyo miamba na ghuba za upande wetu alizijua kuliko maofisa wengi wa Kijerumani. Yeye na Kapteni Berndt, nahodha wa Wissmann, walikuwa marafiki. Maboma yalikuwa mbalimbali na wazungu wachache. Manahodha wawili wa ziwa moja wangekosaje kunywa pamoja?

Habari za vita zilifika Nyasaland kwanza, na Rhoades akapewa amri ya kuizima meli ya Wajerumani. Tabu ya kwanza ilikuwa kumpata mtu anayeujua mzinga. Ziwa lilikuwa na amani kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na mazoezi. Mbele ya Sphinxhafen walifyatua kutoka umbali wa karibu kilomita mbili. Makombora ya mwanzo yalipotea. Hatimaye moja likapiga shabaha.

Kinachofuata ndicho kinachosimuliwa zaidi. Berndt alirukia mashua ndogo akaja akipigiwa makasia, amefura kwa hasira, akimuuliza rafiki yake kama amelewa. Rhoades akamweleza kwamba nchi zao zinapigana, na kwamba kuanzia hapo yeye ni mateka.

Waandishi wengine wameliita tukio hili pambano la kwanza la majini la Vita vya Kwanza vya Dunia. Si hivyo. Tarehe 5 Agosti manowari za Kiingereza zilikuwa zimekwisha kuizamisha Königin Luise katika Bahari ya Kaskazini. Liuli haihitaji sifa ya kuazima. Ya kwake inatosha.

Kazi ya Rhoades haikuwa imekamilika, maana meli iliweza kutengenezwa. Mei 1915 Waingereza walirudi wakiwa na askari wa King's African Rifles, na kamanda wa majini ziwani sasa alikuwa George Dennistoun, mzaliwa wa New Zealand. Tarehe 30 walishuka pwani, wakawafukuza Wajerumani, wakaiharibu meli ikiwa palepale. Dennistoun alipata nishani ya DSO kwa utumishi wake ziwani.

Nimemtafuta zaidi Dennistoun kwa sababu ya ndugu yake. James alikuwa mpanda milima, mtu wa kwanza kufika kilele cha Mitre Peak huko kwao, mwaka 1911, kisha akaenda Antaktika na meli Terra Nova kuhudumia nyumbu wa msafara wa Scott. Vita vilipokuja aliingia jeshi la anga la Uingereza, akawa mrusha mabomu katika ndege iliyorushwa na binamu yake, Herbert Russell. Mwaka 1916 waliangushwa, na James akafa kwa majeraha akiwa mateka Ujerumani. Russell alipona, akaendelea katika jeshi la anga hadi cheo cha makamu marshali. Ukoo mmoja, mmoja akilinda maji ya Nyasa, wawili wakining'inia juu ya Ufaransa katika ndege za mbao na turubai.

Majina haya yote tunayo kwa sababu maofisa huandikwa. Waliokata kuni za tanuri la Gwendolen, waliovuta makasia ya Berndt siku ile, na wapagazi waliobeba vyuma vya Wissmann kupita maporomoko ya Shire, hawakuandikwa.

Ila gwaride la askari liliandikwa kwa njia nyingine. Katika vijiji vya ziwani wanaume bado wanacheza mganda: kaptula nyeupe, soksi ndefu, safu zimenyooka, ngoma kubwa ikipiga mwendo wa askari, na kikundi kina vyeo vyake vya kijeshi. Mkuu wa safu akinyanyua kifimbo, wote husimama.