"Wanaolipa kodi ndio wapewe lami": hoja hii ya Nairobi ilitoka wapi?

1/ Kila msimu wa siasa naisikia: mitaa inayolipa kodi ya ardhi ndiyo itangulie kupata lami, taa na mitaro. Wengine wangoje. Inasikika kama haki, ama? Hebu tuangalie historia yake.

2/ Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mwaka 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alipendekeza watu watengwe kwa rangi. Sababu aliyotoa ni magonjwa.

3/ Wazungu wakajichukulia vilima vya magharibi na kaskazini. Waafrika wakasukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Mvua ikinyesha, Eastlands bado tunaijua hiyo hadithi.

4/ Sasa shika hapa. Mwafrika mjini alihesabiwa mpita njia: afanye kazi, kipande shingoni, kisha arudi kwao. Alilala nyumba ya mwajiri au ya baraza la mji, ama kwenye kiwanja asichokuwa na hati yake. Bila hati, kodi ya ardhi angeilipa vipi? Na kodi ya kichwa alikuwa analipa!

5/ Uhuru ulikuja 1963. Sheria za rangi zikaisha, lakini mabomba hayakuhama. Kisha sera ya kitaifa ya 1965, Sessional Paper No. 10, ikasema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozalisha zaidi. Aliyetangulia akazidi kutangulia.

6/ Leo Mukuru mtu ananunua maji kwa mtungi. Lita kwa lita, analipa zaidi kuliko mwenye bomba nyumbani. Akinunua sabuni, analipa kodi. Akiweka salio kwa simu, analipa kodi. Halafu anaambiwa ati hachangii.

7/ Simaanishi mwenye ploti Westlands asilalamikie mashimo barabarani. Analipa, ana haki. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na usafi wa mazingira unaofaa. Hakitaji hati ya shamba.

8/ Kwa hivyo wakiita wananchi kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, mimi huuliza swali moja, nawe uliza: wadi gani ilipata nini miaka mitano iliyopita? Lami, taa, mabomba ya maji taka, wadi kwa wadi. Orodha hiyo ikiwekwa mezani, ndipo tutabishana kuhusu haki.