Mzee Obama wa Kanyadhiang' na Suruali ya Mwanawe

Kabla hamjatusikia tukiimba leo, wapendwa, tungependa mmkumbuke mkulima mmoja wa Kendu Bay: Obama mwana wa Opiyo, wa Kanyadhiang'. Ukoo wake ulihamia huku kutoka Alego, ng'ambo ya ghuba. Kama majirani zake alitegemea mtama, wimbi na ng'ombe, akaoa wake kadhaa. Mmoja wao, Nyaoke, alimzaa Onyango mwaka wa 1895 hivi.

Novemba 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa kutoka Malawi walianzisha misheni ya Waadventista pale Gendia, si mbali. Mambo ya wazungu yalimvuta Onyango. Alitoweka miezi mingi, akarudi na suruali na viatu. Kitukuu wa mzee, Barack Obama, amesimulia katika kitabu chake cha 1995 kwamba baba aliwakataza wanawe wengine wasimkaribie ndugu yao. Leo tunacheka. Siku ile mzee aliona anampoteza mtoto.

Onyango baadaye alisilimu, akaitwa Hussein, akarudi Alego na jamaa yake. Wengine wa ukoo walibaki Kanyadhiang'.

Sisi wanakwaya, wa Homa Bay na Migori, tuna wazee kama huyo. Tulipokuwa tukikusanya majina ya waimbaji wa kwanza, mama mmoja wa sauti ya pili alitueleza kuwa babake alimkataza kuja mazoezini. Miezi ikapita, mzee akaanza kukaa chini ya mti nje ya kanisa, akisikiliza. Hayumo katika rejista yoyote. Tumemwandika ukurasa wa mwisho, pamoja na waimbaji.