Mfuko Tuliouchangia: Historia ya Malipo ya Ulemavu Marekani



Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi Waswahili tulioko Marekani tunayaficha maradhi yasijulikane nyumbani, yasijulikane msikitini wala kanisani, na zaidi ya yote yasijulikane serikalini, kwa kuogopa kuambiwa kwamba tumekuja kula sadaka ya wenyeji.

Tulimfahamu mzee wetu mmoja aliyepiga boksi ghalani kwa miaka 14. Mgongo ulipokataa, alijifungia ndani. Mkewe aliongeza zamu ya usiku ya kutunza wazee, na jamaa wa nyumbani walipopiga simu kuomba karo waliambiwa mzee yuko kazini. Alipokubali kuomba malipo ya ulemavu, ilikwisha pita miaka 7. Alikataliwa. Sababu ya kukataliwa kwake ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, nayo haieleweki vizuri bila ya historia.

Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya Hifadhi ya Jamii tarehe 14 Agosti 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Sheria ile ilimwekea mfanyakazi pensheni ya uzeeni. Aliyevunjika mgongo akiwa na miaka 40 alitakiwa asubiri mpaka afike 65. Pengo hilo lilijulikana, lakini gharama zilitisha. Makampuni ya bima yalikwisha pata hasara kubwa kwa bima za ulemavu katika mdororo ule, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumtenga asiyeweza kazi na asiyepata kazi. Chama cha madaktari nacho kilipinga, kikihofia mkono wa serikali katika tiba.

Hatua ya kwanza ilikuja mwaka 1954, nayo haikutoa hata senti moja: iliamuliwa tu kwamba miaka ya ulemavu isimpunguzie mtu pensheni yake. Mwaka 1956 Seneta Walter George wa Georgia aliongoza hoja ya kulipa fedha taslimu, ikapita katika Seneti kwa kura 47 dhidi ya 45. Rais Eisenhower, ambaye serikali yake ilikuwa imeipinga, aliitia saini tarehe 1 Agosti 1956. Malipo yalianza Julai 1957, kwa wenye umri wa miaka 50 hadi 64 peke yao. Mwaka 1958 wategemezi wakaingizwa, na mwaka 1960 sharti la miaka 50 likaondolewa.

Tuzingatie fedha zilitoka wapi. Tangu mwanzo mfuko huu ulijazwa kwa makato ya mishahara. Leo, katika kila dola 100 za mshahara, hadi kiwango kinachowekwa kila mwaka, mfanyakazi hukatwa dola 6 na senti 20 za Hifadhi ya Jamii, na mwajiri huongeza kiasi kile kile. Kati ya hizo, senti 90 za kila upande huingia katika mfuko wa ulemavu. Yule mzee alizilipa kila wiki kwa miaka 14. Hiyo ni bima kama ya gari.

Msaada wa asiyechangia uko mbali, nao huitwa SSI. Ulianza Januari 1974 kwa wazee, vipofu na walemavu wenye kipato na mali ndogo. Sheria ya mwaka 1996 iliwafungia mlango huo wageni wengi wasio raia, na wakimbizi wakawekewa muda, ambao baadaye ukawa wa miaka 7. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waulize mapema, na wasiache ombi la uraia likalala.

Haki hii imewahi kutetereka. Kuanzia mwaka 1981 serikali iliwapitia upya waliokuwa wakilipwa, na mamia ya maelfu wakakatiwa. Wengi waliokata rufaa walirudishiwa. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria bila ya kura hata moja ya kupinga, kwamba mtu asikatiwe mpaka ionyeshwe hali yake imepata nafuu.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kwa kawaida mtu mzima hutakiwa awe amefanya kazi kwa jumla ya miaka 10, na katika 10 ya mwisho kabla ya kuumwa awe amefanya 5. Kwa hiyo bima yake ilikwisha kama miaka 5 baada ya kuacha kazi. Bado angeweza kupata, lau angethibitisha kwamba alilemaa kabla ya siku hiyo. Hakuwa na karatasi. Miaka yote hiyo hakwenda kwa daktari ila mara mbili, na mara zote mbili alipoulizwa hali alijibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Daktari aliandika hivyo hivyo.

Adabu yetu ilimponza. Anayeamua ombi huuliza kama mtu anaweza kazi yoyote ya maana, na kama hali hiyo itadumu miezi 12 au zaidi, au itaishia kifoni. Basi daktari aelezwe: nasimama dakika ngapi, nainua kilo ngapi, silali usiku mara ngapi. Ombi lipelekwe mapema. Wengi hukataliwa mara ya kwanza. Wasikate tamaa, kwani ziko siku 60 za kukata rufaa, na baada ya ukaguzi wa pili yupo hakimu wa kumsikiliza mtu ana kwa ana.

Mzee wetu ametangulia mbele ya haki. Mjane wake angali akifanya zamu ya usiku. Tukimjua aliyejifungia ndani, tusimsengenye wala tusimwonee haya. Twende tukambishie hodi, tukae naye, tumsaidie kujaza fomu.