Nani Atasoma Picha ya Mama?

Ukiwa Pap Onditi na mtu akuambie mgonjwa wake amepelekwa Russia, usidhani alihitaji pasipoti. Russia iko Kisumu. Jina rasmi ni refu, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini wazee wa Nyakach hawana muda nalo. Hospitali ile ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, baada ya Jaramogi kutafuta urafiki wa Moscow miaka ya kwanza ya uhuru. Kwa hivyo ni Russia, basi.

Jinsi ilivyofunguliwa, wengi wetu tulisikia nyumbani kabla ya kusikia shuleni. Jumamosi, 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua rasmi. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai mwaka huo na watu walikuwa bado na uchungu. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno makali hadharani, umati ukapiga kelele, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye Jaramogi alikuwa kizuizini na chama chake, KPU, kimepigwa marufuku.

Nimeifikiria sana siku hiyo wiki hii, na si kwa sababu ya siasa. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nchi hii hukumbuka siku hospitali ilipofunguliwa, na mashine ilipoletwa, ila haijui ni nani aliye ndani akifanya kazi.

Nina sababu ya kuuliza. Mama yangu, ambaye anaishi Pap Onditi, alianza kuangusha vikombe mwezi uliopita. Mkono wa kushoto ulikuwa unamsaliti. Halafu kichwa kikaanza kumuuma alfajiri, kabla jogoo hajawika. Daktari akasema apigwe skani ya kichwa. Tukapanda matatu hadi Katito, tukapitia Ahero, tukafika Kisumu, na katika kituo kimoja cha binafsi mama akalazwa kwenye ile mashine yenye umbo la mandazi makubwa yaliyotobolewa katikati. Dakika chache tu, akatoka. Tukapewa bahasha kubwa yenye filamu, na maneno haya: ripoti mje Ijumaa, mwenye kusoma hayuko. Ijumaa tukaambiwa bado. Leo ni Jumanne.

Siku ile ya kwanza, tukirudi nyumbani, mama alitoa filamu kwenye bahasha akaiinua dhidi ya dirisha la matatu. Akaviangalia vipande vya kichwa chake mwenyewe, vimepangwa kwa safu kama stempu. Kisha akanigeukia. "Nyathina, wewe ndiye umesoma. Hapa wanasema nini?"

Digrii ninayo. Jibu sikuwa nalo. Niliona weupe wa fuvu na kijivu cha ubongo, na kila kivuli nikakidhani ndicho. Baadaye nikajifunza kwamba katika skani ya aina hii damu mbichi huonekana nyeupe, na kwamba kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane kabisa katika saa za mwanzo. Yaani picha inaweza kuonekana safi na mtu awe mgonjwa, au ikaonekana na doa ambalo ni la kawaida kabisa. Ndiyo maana fundi anayeendesha mashine, hata ukimbembeleza vipi, hatakuambia kitu. Kazi yake ni kupiga picha. Kuisoma ni kazi ya daktari bingwa wa radiolojia, mtu aliyesomea udaktari miaka sita, akafanya intanshipu, ndipo akarudi darasani kwa miaka mingine kujifunza kusoma vivuli tu.

Historia ya mashine yenyewe inasimuliwa vilevile, kana kwamba msomaji hayupo. Eksrei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen kule Ujerumani mwaka 1895, na ikaonyesha mifupa vizuri sana. Ubongo haukuonekana. Kwa miongo kadhaa, madaktari waliotaka kuuona walilazimika kuingiza hewa kupitia uti wa mgongo ili ipande hadi kichwani, ndipo wapige eksrei. Wagonjwa waliteseka kwa maumivu.

Mwaka 1956, mwanafizikia aitwaye Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza: ukipitisha miale kutoka pande nyingi, je, hesabu haiwezi kukuchorea kilicho ndani? Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali.

Uingereza, bila kujua habari za Cormack, mhandisi Godfrey Hounsfield wa EMI, kampuni ile ile iliyouza santuri za The Beatles, akaunda mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa skani ya kichwa. Mashine haikuweza kutengeneza picha papo hapo. Vipimo viliwekwa kwenye tepu, tepu ikasafirishwa hadi kwenye kompyuta kubwa upande mwingine wa jiji, kisha picha ikarudishwa. Kumbe hata mgonjwa wa kwanza duniani alisubiri.

Ila yeye alikuwa na bahati moja. Daktari wa radiolojia, James Ambrose, naye mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa pale pale akiisubiri picha ili aisome. Uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ya tiba ikaenda kwa Hounsfield na Cormack, wa mashine na wa hesabu. Ambrose, msomaji, hakuwamo.

Sasa rudi nyumbani. Februari 2015 serikali ya Kenya ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali 98, kila kaunti ikipata angalau mbili. Gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 38. Tulionyeshwa mashine kwenye televisheni, viongozi wamesimama kando yake wakitabasamu. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ikatoa ripoti kali. Kuna mahali ambapo vifaa vilikuwa vimekaa tu, kwa kukosa umeme, maji, chumba, au mtu wa kuvitumia.

Sisemi mashine si kitu. Bila mashine mama angekuwa anatibiwa kwa kukisia. Nasema tu kwamba mashine inanunuliwa kwa sahihi moja, na msomaji anachukua zaidi ya miaka kumi kupatikana, kisha anahitaji mshahara kila mwezi. Huwezi kumkatia utepe. Wasomaji hao nao wengi wako Nairobi, ndiyo maana vituo vingi siku hizi hutuma picha kwa intaneti zikasomwe mbali. Ile tepu ya London imekuwa faili. Foleni imehama kutoka kwenye kompyuta, ikaja kwa binadamu, kwenye meza ya daktari mmoja mwenye vichwa vya watu wengi vya kusoma kabla ya kufika kwa mama yangu.

Kwa anayesubiri, tofauti ni kubwa. Tukiambiwa mashine imeharibika, tunaelewa, tunalalamika, tunatafuta nyingine. Tukiambiwa "bado", hatujui tumlalamikie nani. Mama ameanza kutumia mkono wa kulia kwa kila kitu na anafikiri sijaona. Juzi aliniuliza kama bahasha iko mahali pakavu. Nikamwambia iko juu ya kabati. Hakuuliza zaidi, na mimi sikumwambia kwamba usiku huwa naitoa na kuiinua kwenye taa.

Kesho saa mbili asubuhi tunarudi Kisumu. Swali langu la kwanza pale dirishani halitakuwa kama ripoti imetoka. Nitauliza picha iko kwa daktari gani, jina lake nani, na ana za watu wangapi mbele yetu.